Trekta Likikosa Nguvu, Anzia Kwenye Tangi

Linawaka vizuri asubuhi. Linatoka uani, linashika jembe, linamaliza mistari ya kwanza bila taabu. Robo saa au nusu saa ikipita, sauti ya injini inashuka. Unasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, injini haiitikii. Inakohoa mara mbili tatu, inazimika. Unakaa kivulini, unanywa maji, unaliwasha tena, nalo linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Muda ule ule ukipita, linazimika tena.

Ukiona trekta lako dogo linafuata mtindo huo, usiiguse pampu kubwa, ile inayosukuma mazutu kwenye nozo, wala usimruhusu fundi aifungue. Injini iliyochakaa haipati nafuu kwa kupumzika dakika kumi. Kinachopata nafuu ni njia ya mafuta iliyozibwa na uchafu unaovutwa. Injini inapofanya kazi, mazutu yanatiririka kuelekea tundu la kutokea, magamba ya kutu yanafuata mkondo na kujipanga mdomoni mwa tundu hadi linaziba. Injini ikizimika, hakuna kinachovuta tena. Magamba yanaachia, yanazama, njia inafunguka. Ndiyo maana linawaka, na ndiyo maana litazimika tena.

Wakulima wa Kisangani wanapoteza fedha nyingi kwa kuanzia upande usiofaa. Pampu inafunguliwa, nozo zinabadilishwa, trekta linalala majuma likisubiri kipuri kutoka Kinshasa au Kampala, na tangi lenye kutu linabaki pale pale juu ya injini. Pampu mpya ikifungwa, inaanza kunywa kutu ile ile. Mwongozo huu unakwenda kinyume: kutoka tangini kuelekea kwenye injini, hatua kwa hatua, na mara nyingi hutafika hata nusu ya njia. Mwenye motokulta ya mazutu naye anaweza kuufuata.

Kwa nini kutu inakimbia hapa

Trekta dogo la zamani, la nguvu ya farasi 20 hadi 40, mara nyingi lina tangi la bati la chuma. Lubumbashi bati hilo hupata miezi mitano hivi isiyo na mvua ya maana. Sisi hatuna hata mwezi mmoja mkavu kabisa. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, inapata mvua ya karibu milimita 1,700 kwa mwaka, na hata Januari na Februari, mvua inapopungua, hewa haikauki.

Tangi likilala nusu tupu, usiku bati linapoa na unyevu wa hewa iliyomo ndani unageuka matone kwenye kuta za juu. Matone yanateremka na kuzama hadi chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mazutu. Jua likipanda, hewa inatanuka na kutoka kwenye tundu la mfuniko. Jioni inaingia hewa nyingine na unyevu wake. Ni maji kidogo kwa siku, lakini hayana pa kutokea. Trekta lililoegeshwa miezi miwili tangi likiwa robo linaweza kuharibika kuliko lililofanya kazi miezi hiyo yote.

Kisha kuna safari ya mazutu yenyewe. Yakija kwa mto, yamepanda kutoka Kinshasa kilomita zaidi ya 1,700 kwenye baji. Yakija kwa barabara, yametoka mashariki, yakapita Ituri kwenye matope ya barabara ya taifa namba 4. Yakishafika yanaingia mapipani, kutoka mapipani yanaingia mabidoni, na mengi huishia mezani kwa kadhafi, wale wauza mafuta wa kando ya barabara. Kila yanapomiminwa yanaokota kitu: maji ya mvua yaliyotuama juu ya pipa, mchanga wa funeli, kutu ya pipa lenyewe. Siwalaumu kadhafi. Bila wao mashamba ya barabara ya Buta, ya Ituri na yale ya ng'ambo ya Lubunga yangekaa bila kulimwa. Lakini mnunuzi ndiye mwenye injini, kwa hiyo kazi ya kuyachunguza mazutu ni yake.

Kuna adui wa tatu ambaye wengi hawamjui. Pale maji yanapokutana na mazutu huishi bakteria na ukungu wanaokula mafuta na kutoa asidi. Hustawi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 35, na wastani wa joto la Kisangani ni nyuzi 25 hivi. Tangi lililoko juu ya injini lina zaidi ya hapo. Ute wao mweusi au wa kahawia unavutika kama bamia, unanata kwenye kuta, na chini yake bati linachimbika vishimo vidogo hadi kutoboka. Ukiukuta ute huo kwenye filta, jua kwamba maji yamekaa tangini muda mrefu.

Yaondoe kwanza yasiyo ya mafuta

Hili ni la dakika chache. Ikiwa injini inanguruma kwa kasi ile ile lakini trekta haliendi, hiyo ni klachi. Likiwa zito hata likisukumwa kwa mikono kwenye tambarare, gia ikiwa huru, shika ngoma za breki baada ya kazi; inayounguza vidole ndiyo inayobana. Ukiona moshi mweusi mzito unaotoka wakati wa mzigo, injini inakosa hewa au umeitwika kuliko uwezo wake: toa chujio la hewa, likung'ute, angalia kama limejaa vumbi jekundu au, kwa trekta linaloendesha mashine ya kukoboa mpunga, wishwa.

Njaa ya mafuta ina dalili zake. Sauti inashuka pole pole, moshi unapungua badala ya kuongezeka, kisha injini inazimika. Ikiwa inayumba, inapanda na kushuka yenyewe, huku ikitoa moshi mweupe wa vipande vipande, huenda inavuta hewa pamoja na mazutu.

Na kama trekta lako lilitoka Goma, usikubali kuambiwa kwamba halijazoea hewa ya huku. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500, Kisangani iko karibu mita 400. Trekta lililoshuka lilitakiwa kuongeza nguvu.

Kupima kwa chupa tupu

Anza na macho. Fungua mfuniko wa tangi, mulika ndani kwa tochi, na kiberiti kikae mbali. Tazama kuta zilizo juu ya usawa wa mafuta. Huko ndiko kutu inakoanzia, rangi ya chungwa, kisha magamba. Ukiwa na sumaku ya spika ya redio iliyoharibika, ifunge kwenye kitambaa, ining'inize kwa uzi imara, iburute chini ya tangi. Kutu laini nyekundu haishikwi vizuri na sumaku, lakini magamba meusi yatapanda nayo, na utajua ukubwa wa kazi inayokungoja.

Kisha njoo kwenye kikombe cha kioo au cha plastiki kilicho chini ya koki ya mafuta. Funga koki, fungua pete ya kikombe kwa mkono, kishushe taratibu bila kukitikisa, ukiinue kwenye mwanga. Kikiwa kizima, unaona rangi moja tu ya manjano safi. Kikiwa kigonjwa, kinajisomesha chenyewe: juu mazutu, chini maji meupe, na kati yao mstari mnyoofu unaocheza unapokiinamisha. Matrekta mengine yana pete nyekundu ndani ya kikombe inayoelea juu ya maji na kuzama kwenye mazutu. Pete ikiwa imepanda, maji yapo. Chini kabisa kuna unga wa kutu. Usugue kati ya vidole: ukikwaruza kama msasa, ni chuma, ukiteleza, ni ule ute.

Kumwaga kikombe na kuendelea na kazi kutakupa siku moja, pengine mbili. Kwa hiyo endelea kupima.

Chomoa mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye filta, uelekeze kwenye chupa ya maji ya nusu lita, fungua koki. Injini ya farasi 25 ikilima kwa nguvu hunywa lita 5 hadi 6 kwa saa, yaani kama mililita 100 kwa dakika, na juu ya hapo kuna mazutu ya ziada yanayozunguka na kurudi tangini. Tangi lililo juu ya injini, njia yake ikiwa safi, lijaze chupa hiyo kwa dakika moja hivi au chini yake. Mkondo ukianza vizuri kisha ukasinyaa, tundu linazibwa. Usikimbilie kufunga: acha yatiririke dakika kadhaa, ukibadilisha chupa, kwa sababu ugonjwa huu hauonekani katika sekunde za mwanzo. Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapokosea. Anaona mafuta yanatoka kwa nguvu, anasema tangi halina neno, anashika spana ya pampu.

Mkondo ukishasinyaa, legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia tangi linavuta pumzi na mafuta yakarudi kwa nguvu, una bahati: tundu la kupumulia kwenye mfuniko ndilo limeziba, mara nyingi kwa tope au kwa kiota cha mdudu. Lizibue kwa waya mwembamba, na kazi imekwisha. Usipoona tofauti, puliza kwenye mpira kuelekea tangini, kwa pampu ya baiskeli, bila kuweka mdomo. Mapovu yakipanda tangini na mkondo ukarudi kwa muda, umethibitisha kwamba uchafu uko mdomoni mwa tundu.

Tangi likiwa chini ya usawa wa filta, mazutu hayashuki yenyewe; pima kwa kutumia pampu ndogo ya kuvuta, ya mkono au ya umeme.

Kipimo kinachomaliza ubishi wote ni bidoni. Chukua bidoni safi la lita 5, lijaze mazutu uliyoyachuja, lifunge imara juu kuliko filta na mbali na eksozi. Unganisha mpira mpya kutoka kwenye bidoni hadi kwenye filta mpya, na mpira wa mafuta yanayorudi nao uuelekeze humo humo. Mpira huu wa kurudi husahaulika, mazutu yakarudi kwenye tangi la zamani, bidoni likakauka, na watu wakafikiri trekta limeshindwa tena. Toa hewa, liwashe, nenda ukalime saa nzima kwa mzigo wa kweli. Kuliwasha uani bila mzigo hakuonyeshi kitu. Likilima saa nzima bila kushuka, pampu yako ni nzima, nozo zako ni nzima, na fedha uliyotaka kupeleka kwenye karakana ibaki mfukoni. Ugonjwa uko kati ya tangi na filta.

Kulisafisha

Chomoa waya wa hasi wa betri kabla ya yote. Mwaga mazutu kwenye bidoni linaloonyesha ndani, yaweke kando yatulie. Ya juu yatakufaa kuoshea vyuma, si kurudishwa kwenye injini. Shusha tangi. Toa koki na kipimo cha mafuta. Kwenye koki nyingi kuna kichungi cha wavu kama kidole, kinachosimama ndani ya tangi. Kichunguze: mara nyingi kimepasuka, au mtu alishakikata zamani akidhani anarahisisha mambo.

Usianze na asidi. Asidi haipiti kwenye mafuta wala kwenye ute, kwa hiyo osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mara kadhaa, hadi maji yanayotoka yasiwe na rangi za upinde juu yake. Kisha tia kokoto kali za mawe yaliyopasuliwa, au mnyororo mwembamba wa urefu wa mkono, pamoja na maji ya sabuni. Ziba matundu, litikise tangi kila upande, robo saa au zaidi, ukilaza upande wa chini muda mrefu kuliko mwingine wowote. Mchanga wa mto haufai. Ni laini, na punje zake hujificha kwenye kona. Ukitumia nati badala ya mnyororo, zihesabu kabla na baada.

Magamba yakishatoka, kutu iliyong'ang'ania iondolewe kwa asidi ya upole. Siki ya dukani, isiyochanganywa na maji, ijazwe hadi juu na kuachwa siku nzima. Asidi ya sitriki, ile ya unga wanayotumia watengeneza juisi, ni bora na hutosha gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya moto. Jaza hadi shingoni, kwa sababu kutu mbaya iko juu, mahali hewa ilipokuwa. Nakusihi usitumie maji ya betri. Yanakula bati zima pamoja na kutu, moshi wake unaumiza mapafu, na tone moja la jichoni haliwezi kurudishwa.

Mwaga asidi, suuza, kisha jaza maji yenye soda ya kupikia, vijiko viwili kwa lita, ili kuua asidi iliyobaki. Mapovu yakikoma, suuza tena.

Sasa inakuja hatua inayoharibu kazi ya watu wengi hapa. Bati lililovuliwa kutu liko uchi, na katika unyevu wetu linaanza kupata rangi ya chungwa ndani ya dakika chache. Ipangie hatua hii saa za jua kali. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya moto sana, ili bati lenyewe lipate joto na kujikausha. Pindua, mwaga, puliza hewa kwa kompresa ya fundi wa mipira, mulika ndani kuona kama kona zimekauka. Likikauka tu, mimina lita moja ya mazutu safi, lizungushe hadi kila ukuta upakwe, kisha lirudishe na kulijaza. Kazi ikikatizwa na mvua kabla ya hapo, usiliache wazi hadi kesho. Anza upya kukausha, au kutu itakuwa imerudi.

Wapo wanaopaka mawese kwa sababu ndiyo mafuta tuliyo nayo kwa wingi Tshopo. Mawese huganda kwa joto la kawaida la usiku wetu, na yakikaa yanakuwa gundi. Filta itakuambia baada ya siku mbili.

Kuhusu rangi maalumu za kupaka ndani ya tangi, ninazikubali kwa tangi ambalo limesafishwa hadi chuma cheupe na kukaushwa kabisa, basi. Zikipakwa juu ya kutu au unyevu, zinabanduka kwa shuka zima, na shuka hilo linaziba tundu vibaya kuliko kutu iliyokuwepo.

Bati likiwa limetoboka, kuna jambo moja la uhai. Usilipeleke tangi kuchomelewa eti kwa sababu ni tupu. Tangi tupu lililokuwa na mazutu bado lina mvuke, na mvuke huo ukipashwa moto wa kuchomelea hulipuka na kumrarua aliyeshika chuma. Matundu madogo yazibe kwa gundi ya chuma ya mirija miwili, bati likiwa limesuguliwa kwa msasa na kukauka. Chini kukiwa kumechakaa kote, achana nalo. Tangi la plastiki lililotengenezwa kwa mafuta, likifungwa kwa mikanda kwenye kitako cha la zamani, halitashika kutu tena.

Mipira, filta na hewa

Tangi likishakuwa safi, usiunganishe mipira ya zamani. Kutu imelala ndani yake, na mpira uliokakamaa una nyufa ambazo hazivujishi tone. Upande wa kuvuta, ufa hauvuji mafuta nje, unaingiza hewa ndani. Ndiyo maana hauonekani. Kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani, ukikiweka kabla ya filta, kitakuonyesha mapovu yakipita. Angalia pia zile bolti zenye tundu katikati zinazobana mabomba kwenye pampu ya kuvuta. Baadhi zina wavu mdogo ndani, wa ukubwa wa kitako cha kalamu, na fundi asiyejua anaweza kubadilisha pampu nzima kwa sababu ya wavu huo. Washa zake za shaba zibadilishwe kila unapozifungua.

Filta ibadilishwe siku hiyo, tena baada ya saa 10 za kazi, tena baada ya saa 50, kwa kuwa kutu iliyobaki itaendelea kutoka. Nunua tatu kwa pamoja. Filta ya karatasi haioshwi kwa esansi na kurudishwa. Karatasi hupanuka, huchanika mahali usipopaona, na kutu ikapita moja kwa moja. Usitoboe filta, usiiruke, hata kama umebakiza mstari mmoja wa kulima. Pistoni ndogo za pampu kubwa zimekaa kwenye nafasi ya sehemu chache tu za elfu moja ya milimita, hazina kilainisho kingine isipokuwa mazutu yenyewe, na unga wa kutu uliopita hapo unazikwaruza milele.

Kutoa hewa ni kazi ya subira. Fungua skrubu ya juu ya filta, sukuma pampu ya mkono au washa swichi kama pampu ni ya umeme, ngoja hadi mazutu yatoke bila povu hata moja, funga huku yakitoka. Rudia kwenye skrubu ya pampu kubwa. Injini ikikataa bado, legeza nati za mabomba ya nozo nusu mzunguko, zungusha injini kwa stata hadi yatoke matone, kaza. Usiweke mkono wala uso mbele ya bomba hilo. Nozo hufunguka kwa presha inayozidi mara 100 ya hewa tunayovuta, na mnyunyizo wake unapenya ngozi. Aliyepigwa nao apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo na haliumi.

Mazutu kabla hayajaingia

Ukinunua, jaza chupa nyeupe, itikise, ilaze usiku. Asubuhi ona: maji chini, ukungu katikati, au mazutu mang'avu. Yenye ukungu yana maji yaliyotawanyika. Yaache yatulie zaidi au yakatae. Yakinuka kama taa ya chemli, yamechanganywa na mafuta ya taa, na pampu yako itakosa kilainisho.

Pipa la akiba lisimame chini ya paa, limeinama kidogo, mfuniko ukiwa upande wa juu. Likiachwa mvuani likiwa wima, maji hukaa juu yake na kunyonywa kupitia nyuzi za kizibo kila jioni pipa linapopoa. Ukishalileta nyumbani, lipe siku nzima bila kuguswa, kisha vuta mazutu kutoka juu na kuacha upana wa vidole vinne chini. Yale ya chini yakusanye mbali. Kitambaa cha pamba kwenye funeli huzuia mchanga, hakizuii maji, na kikizeeka hutoa nyuzi zake. Wavu mwembamba wa chuma ni afadhali. Usiweke mazutu kwenye pipa au ndoo ya bati lililopakwa zinki, lile linalong'aa kama la paa. Zinki hugeuka sabuni ndani ya mazutu na sabuni hiyo huganda kwenye nozo.

Jaza tangi jioni, kazi ikiisha, si asubuhi kabla ya kuanza. Tangi lililojaa usiku halina hewa ya kutoa matone, na mazutu yanapata saa nyingi za kutulia. Mara moja kwa juma, kabla hujaliwasha trekta, fungua kikombe au bolti ya chini ya tangi na toa nusu glasi. Ukiona maji juma la pili mfululizo, rudi kwa aliyekuuzia na chupa yako mkononi.

Kama pampu imeshaumia

Huenda umefika hapa umechelewa. Trekta likifaulu kulima na bidoni lakini likabaki dhaifu kidogo, au likikataa kuwaka likiwa na moto huku linawaka likipoa, huenda pampu imekwaruzwa: mazutu mepesi ya moto yanapenya pembeni mwa pistoni. Hiyo ni tofauti na trekta la tangi bovu, ambalo baada ya kupumzika huwaka mara moja hata injini ikiwa ya moto. Injini ikigonga kwa sauti kali na silinda moja ikitoa moshi mwingi, nozo yake imeshikwa na kutu. Legeza nati za nozo moja baada ya nyingine injini ikiwaka taratibu. Ile isiyobadilisha sauti ndiyo mbovu, nayo peke yake ndiyo ya kupeleka kupimwa.

Kabla ya kuitoa pampu, piga picha na tia alama ya rangi mahali inapokutana na injini, kwa sababu ikirudi imegeuzwa nyuzi chache tu, injini itakosa nguvu kwa sababu nyingine kabisa. Osha nje yake kwa mazutu na brashi ikiwa bado imefungwa. Ukishaichomoa, ziba kila mdomo kwa plastiki safi na ufunge kwa raba, pande zote mbili, mabomba pia. Ipakie kwenye ndoo yenye kifuniko, na uweke ndani yake chupa ya mazutu uliyoyatoa tangini siku ya kwanza, ili fundi wa pampu aone kilichopita humo.